Watoto Wako Mikononi mwa Nani?

Godelieve alikuwa anazungumza na sufuria.

"Chemka basi," aliiambia. "Unangoja nani?"

Binti yake mkubwa, Emilie, aliacha kuchezea mkeka akamtazama. "Mama, unasema na nani?"

"Sisemi na muntu."

Na kweli hakusema na mtu. Alikuwa na watoto wake tu: Emilie, aliyekuwa na miaka saba, Léontine wa miaka mitano, na Michel mdogo ambaye bado alibebwa mgongoni. Watoto ni furaha, nani atakataa? Lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kukuuliza, "Umelalaje?" Godelieve alikuwa mpweke.

Hebu nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1963. Godelieve alikuwa mtu wa Kabalo, kule kwenye mto Lualaba. Mume wake, Lambert, alikuwa fundi wa reli. Tangu walipooana Lambert aliahidi, "Siku moja nitawapeleka Albertville, mukaone ziwa." Albertville ndio mji ambao leo tunauita Kalemie. Lakini miaka ile ilikuwa na vita, na reli ilikatika mara kwa mara. Ahadi ililala.

Mwaka huo Lambert akapata konje, yaani likizo ya kazi. Rafiki yake wa reli akamwazima nyumba ndogo karibu na ziwa. Walifika Jumamosi. Jumapili walikula samaki wabichi, wote pamoja, wakacheka. Jumatatu asubuhi mtu akaja mbio kutoka stesheni. Daraja limeharibika upande wa Kabalo. Mafundi wote warudi kazini, hata walio kwenye konje.

"Nitarudi upesi," Lambert alisema.

"Siku gani?"

"Upesi, Mama Emilie."

Jamani, upesi ni siku gani? Jumanne? Jumatano? Godelieve alibaki mlangoni na neno hilo, akalitazama likienda na treni.

Nyumba ya jirani ilikuwa karibu sana. Ua wa majani tu ndio uliozitenganisha. Mle alikaa Mama Zabibu, mwanamke wa makamo, na mume wake Alfani, mvuvi, pamoja na wajukuu wao watatu. Wazee wao walikuwa wafanyabiashara wa ziwani, Waislamu, watu wa kwenda na kurudi Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Kila asubuhi Zabibu alitandaza ndagala, wale samaki wadogo, wakauke juu ya mchanga. Kila asubuhi alisalimu juu ya ua.

"Habari za asubuhi, jirani?"

"Muzuri," Godelieve alijibu, kisha akaingia ndani haraka.

Usimwone ana kiburi. Mama yake alimfundisha hivi: "Ukifika ugenini, ngoja bwana yako akupeleke kwa majirani. Mwanamke anayejipeleka mwenyewe, watu watamusema." Na bwana aliondoka kabla hajampeleka. Basi Godelieve alingoja. Aliwasikia Zabibu na wajukuu wake wakicheka upande wa pili wa ua, naye akapika kimya kimya.

Kabla ya kuondoka, Lambert aliwaachia watoto kitu kimoja. Kilikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la kamio, yaani lori, umejazwa upepo, mkubwa kama kitanda cha mtoto. Aliwaambia watakaa juu yake, waelee. Sasa kila siku Emilie na Léontine waliuliza jambo moja.

"Mama, mpira? Tunaenda na mpira?"

Godelieve aliogopa maji. Hakujua kuogelea. Lakini alikuwa mtu wa mto, na watu wa mto wana elimu yao. Kule Kabalo kila mtoto anajua: maji yanayokimbia ndiyo yanayoua. Maji yaliyolala hayana neno. Basi akachunguza ziwa kwa macho ya Lualaba. Mchana aliona mawimbi yakija na kupiga mchanga, pwaa, pwaa. Akasema moyoni, "Mabaya hayo." Asubuhi aliona maji yametulia pale ufukoni, laini kabisa. Akasema, "Hapa njo pazuri," yaani hapa ndipo pazuri.

Wanasema mgeni ana macho lakini haoni. Alichagua saa ya asubuhi.

"Twende," aliwaambia watoto. "Lakini musitoke karibu."

Walishuka wote wanne. Alikuwa na beseni la nguo, maana alijisemea kwamba ataangalia watoto huku anafua. Michel alikuwa mgongoni. Emilie na Léontine walipanda juu ya mpira, maji yakiwa magotini tu, wakapiga kelele za furaha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Godelieve alitabasamu.

Akafua shati moja. Akafua gauni. Kisha akasikia filimbi ya treni upande wa stesheni.

Moyo wake uliruka. Treni ya Kabalo! Aliacha nguo ndani ya beseni, akapanda mchanga mpaka njiani, akasimama kwa vidole vya miguu. Abiria walipita. Mama mwenye kuku. Askari wawili. Mzee mwenye baiskeli. Alitazama kila kofia, kila mwendo. Lambert hakuwemo. Alingoja mpaka wa mwisho akapita, na bado akangoja kidogo.

Akarudi polepole, machozi yakimlenga. Akainua macho.

Mpira haukuwepo ufukoni.

Ulikuwa mbali, huko kwenye maji meusi. Vichwa viwili vidogo vilikuwa juu yake. Hapakuwa na wimbi. Hapakuwa na kelele. Maji yalikuwa yametulia vilevile, na mpira ulikuwa unakwenda taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga.

"Emilie! Rudi! Rudia hapa!"

"Mama, haurudi!" Sauti ya Emilie ilikuja nyembamba. "Mama, unaenda wenyewe!"

Godelieve aliingia majini na nguo zake. Magotini. Kiunoni. Michel akaanza kulia mgongoni. Maji yakafika kifuani na mchanga ukaanza kumkimbia chini ya miguu. Ndipo mkono wenye nguvu ukamshika kitenge kwa nyuma.

"Simama hapo! Una mtoto mgongoni!"

Alikuwa Zabibu. Alikuwa ametupa kapu lake la ndagala. Samaki walikuwa wametapakaa mchangani, naye hakuwajali.

"Niache! Batoto bangu!"

"Ukizama wewe, watakuwa wanne. Simama!" Zabibu akageukia ziwa, akaweka mikono mdomoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi. "Watoto! Laleni juu ya mpira! Shikeni kwa mikono yote! Musishuke! Musiogelee! Tunakuja!"

Kule mbali vichwa viwili vikalala.

"Alfani! Wee Alfani! Mtumbwi!"

Alfani alikuwa ametoka kuvua usiku kucha, alikuwa anakunywa chai. Aliacha kikombe mchangani. Wakausukuma mtumbwi, yeye na mke wake, na Zabibu akaruka ndani, akashika kafi kama mwanamume. Godelieve akabaki amesimama majini, Michel analia mgongoni. Nakwambia, hakuna upweke kama ule wa kutazama watoto wako ukiwa huwezi kitu.

Walirudi. Léontine alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Emilie alikuwa bado ameukumbatia mpira, mpaka Alfani alipomfungua vidole. Godelieve alimpiga Emilie kofi. Kisha akamkumbatia. Kisha akalia, na kilio hicho hakikuwa cha siku ile peke yake.

Hakusema hata asante. Alichukua watoto, akaingia nyumbani, akafunga mlango.

Akaanza kukunja nguo. "Tunarudi Kabalo," alisema. "Treni ya kesho. Hili ziwa halitutaki."

"Na Papa akija?" Léontine aliuliza.

Godelieve aliacha kukunja. Akiondoka, labda watapishana njiani. Akikaa, atawafungia watoto ndani mpaka lini? Aliketi juu ya nguo, kichwa mikononi. Watoto walisimama dirishani wakitazama maji.

Jua lilipoanza kuinama, akasikia sauti mlangoni.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Zabibu aliingia na bakuli la uji wa moto na ndagala za kukaanga. Aliketi chini bila kungoja kuambiwa. Aliwalisha watoto kwanza. Kisha akauliza, "Mama Emilie, mbona unafunga mizigo?"

"Naogopa, Mama Zabibu. Kule kwetu nilifundishwa mayi yenye kulala hayana mambo. Hapa mayi imelala, na inaiba batoto."

"Maji hayakuiba mtu," Zabibu alisema. "Ulikuwa upepo. Njoo nje."

Wakasimama uani. Zabibu akaonyesha jiko lake. Moshi wake ulikuwa unasukumwa kutoka upande wa ziwa, unapita juu ya nyumba, unaelekea milimani.

"Sasa moshi unakwenda wapi?"

"Unaenda mulimani."

"Sawa. Saa hizi upepo unatoka ziwani. Unasukuma kila kitu kuja ufukoni. Njo maana unaona mawimbi. Na asubuhi, ulipokuwa unapika, moshi wako ulikwenda wapi?"

Godelieve alifikiri. Aliona tena sufuria, na moshi uliopita mlangoni na kwenda... "Ulienda ziwani," alisema polepole.

"Ehee! Asubuhi upepo unashuka milimani, unakwenda ziwani. Ufukoni maji yanatulia, kwa sababu upepo unatoka nchi kavu, unayasukuma kwenda mbali. Yanapendeza kweli. Lakini kitu chochote chepesi kinachoelea, mpira, jani, ndoo, kinakwenda nao. Na mtoto aliye juu yake anakwenda. Sisi hapa mpira hatuutii majini kabisa moshi ukienda ziwani."

"Na moshi ukija huku?"

"Hata hivyo tunaufunga kamba, na kamba ishikwe na mtu mzima, siyo mti, siyo mtoto. Upepo hauna ahadi. Unageuka."

Godelieve alitazama njia ya stesheni. Kisha akasema, "Na mimi nilienda kutazama treni."

"Nilikuona."

"Nilienda kidogo tu."

"Kidogo hicho njo kinatosha mtoto kupotea," Zabibu alisema, lakini hakusema kwa ukali. "Mbona hukuniita? Nilikuwa pale pale na samaki wangu. Ungesema, 'Mama, niangalizie watoto,' ningekataa?"

Godelieve akamweleza maneno ya mama yake, kwamba mwanamke angoje mume ampeleke kwa majirani. Zabibu akapiga makofi, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Ajabu! Na sisi je? Kwetu mgeni ndiye anapiga hodi. Tukimtangulia, watasema tunachungulia chungu chake. Basi wewe unangoja bwana yako, mimi nangoja wewe. Adabu pande zote mbili, na watoto wanakwenda Kigoma!"

Godelieve alicheka pia. Alishangaa kusikia kicheko chake ndani ya nyumba ile.

"Mimi peke yangu hapa, Mama Zabibu," alisema. "Sina muntu. Hata kusema, nasema na sufuria."

"Najua. Alfani anapokuwa ziwani, mimi nasema na ndagala. Wao hawajibu, lakini hawabishi." Zabibu akamshika mkono. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Mtu mmoja hawezi kufua, na kulia, na kuangalia watoto majini. Kimoja kitaanguka."

Kesho yake nguo zilirudi kwenye misumari. Hawakuondoka.

Zabibu alimfundisha utaratibu wa ufuko wao. Watoto wanapokuwa majini, mama mmoja anawaangalia. Huyo hafui, hasuki nywele, hachambui mboga. Hageuki nyuma hata akiitwa na mfalme. Anakaa karibu na maji, na wadogo wasipite mahali ambapo mkono wake unawafikia. Akichoka, anamwita mwenzake na kusema, "Watoto wako mikononi mwako." Mwenzake anatazama majini, anawaona wote, ndipo anajibu, "Nimewapokea." Kabla ya jibu hilo, wa kwanza haondoki.

"Na kama hakuna mwenzako?" Godelieve aliuliza.

"Basi hakuna maji. Wanacheza mchangani."

Na mchanga nao ulikuwa na mambo mengi! Asubuhi, wakati moshi ulipokwenda ziwani, watoto walichimba visima, wakajenga Kabalo nzima na reli yake. Mpira wa kamio ukawa gurudumu la kusukuma, wajukuu wa Zabibu upande huu, Emilie na Léontine upande ule. Waligeuza ndagala juani na kufukuza kunguru. Jua lilipokuwa kali waliingia kivulini, wakanywa maji yaliyochemshwa, siyo ya ziwa, hata kama yanaonekana safi. Mchana, upepo ulipogeuka, waliruka mawimbi madogo, maji yakiwa chini ya magoti, wameshikana mikono, na mtu mzima karibu yao.

Siku moja Zabibu aliwapeleka kuona mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani. Walibaki juu, mbali na ukingo. "Hapa hatushuki," aliwaambia watoto. "Maji yanavuta, na kwenye matete kuna mamba. Hapa ni pa kutazama tu."

"Huu muto unaenda wapi?" Emilie aliuliza.

"Unakwenda mpaka Lualaba. Unakwenda kwenu."

Léontine alifikiri, kisha akarusha ganda la ndizi kuelekea mto. Halikufika hata nusu ya njia. "Ni ya Papa," alisema.

Godelieve aligeuza uso. Ndiyo, mambo yalikuwa mazuri kuliko kwanza, sitakudanganya. Lakini jioni, watoto wakishalala, kitanda kilikuwa kikubwa mno. Jirani mwema hajazi nafasi ya mume. Treni ilipopiga filimbi, bado aliacha kazi yake akasikiliza. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa alijua kuna mtu upande wa pili wa ua.

Likizo ilikaribia kwisha. Mchana mmoja Zabibu alitaka kwenda kuchukua chumvi nyumbani. Alikuwa ndiye mwangalizi. Majini walikuwa Emilie, Léontine, na wajukuu wake watatu, wanaruka mawimbi. Mpaka siku ile alikuwa hajawahi kumwachia Godelieve wajukuu wake. Siku ile alimwita.

"Mama Emilie. Watoto wako mikononi mwako."

Godelieve alimweka Michel kati ya magoti yake. Akatazama majini. Alimwona Emilie, akamwona Léontine, akawaona wale watatu mmoja mmoja.

"Nimewapokea," alisema.

Zabibu akaenda zake. Treni ya siku ile ilikuwa imechelewa, kama zilivyochelewa treni nyingi za miaka ile. Ilipiga filimbi wakati huo huo. Godelieve alisikia. Hakugeuka.

Baadaye akasikia hatua mchangani nyuma yake. Hatua nzito, za viatu vya kazi. Kisha mzigo ukawekwa chini.

"Mama Emilie."

Ni sauti gani hiyo! Aliijua kuliko sauti yake mwenyewe. Michel aliruka, akanyoosha mikono nyuma, "Papa! Papa!"

"Godelieve, ni mimi. Nimefika. Hata kunitazama hunitazami?" Lambert alikuwa na uchovu ndani ya sauti, na sasa na hofu pia. "Umenikasirikia?"

"Sikukasirika," alisema, macho yapo majini, machozi yanashuka yenyewe. "Karibu, Papa Emilie. Karibu sana. Mukamate Michel."

"Sasa geuka basi, nikuone."

"Siwezi. Batoto batano wako mikononi mwangu. Wengine ni ya jirani. Nenda nyumba ya jirani, upande wa pili wa ua, piga hodi, umwite Mama Zabibu. Mwambie Godelieve anamuomba."

Lambert alisimama kidogo. Hakumjua mtu yeyote nyumba ile. Alitazama mgongo wa mke wake, akatazama ziwa, akamwona Emilie akiruka wimbi na kuanguka na kuinuka. Akambeba Michel begani, akaenda kupiga hodi.

Zabibu alikuja akipangusa mikono. Hakuuliza kitu. Alikaa mchangani karibu na Godelieve, akatazama majini mpaka akawaona wote.

"Watoto wako mikononi mwako, Mama Zabibu."

"Nimewapokea, mwanangu."

Ndipo Godelieve akageuka.